Daktari amechungulia jicho la baba, akauliza habari za kusahau

Barua za wasomaji, na majibu ya muuguzi wetu wa macho

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Baba yangu ana miaka 68, ni karani mstaafu wa reli. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki ya macho kwa sababu miwani yake haimsaidii tena kusoma gazeti. Nilidhani tutaandikiwa miwani mingine tuondoke zetu. Daktari akamtia matone, tukasubiri nusu saa kwenye benchi, halafu akamchungulia kwa muda mrefu: jicho moja, la pili, kisha akarudi tena kwenye la kwanza. Alipomaliza hakuzungumzia miwani. Akauliza, "Mzee, presha yako ikoje?" Baba akajibu kwamba presha anayo tangu zamani ila haimsumbui. Akapimwa pale pale, ikasoma 178 kwa 104. Ndipo daktari akanigeukia mimi: "Huko nyumbani anasahausahau?"

Mama, nilishtuka, maana nilikuwa sijamwambia mtu. Baba ni mtu wa bao, na baraza zima la mtaani kwetu linamjua. Tangu mwaka jana ukifika wakati wake kucheza anashika kete mkononi anasita. Anahesabu mashimo kwa kidole, kitu ambacho zamani hata watoto aliwakataza. Juzijuzi alibishana na wenzake kwamba zamu ni yake na haikuwa yake. Lakini majina ya wajukuu wote kumi na mmoja anayataja, na habari za stesheni za miaka ya sabini anazisimulia bila kukosea. Daktari amejuaje kwa kutazama jicho tu? Na je, baba ameshapata ule ugonjwa wa kusahau?

Binti wa Karani, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale kwenye kidole kinachohesabu mashimo. Nitaparudia.

Kwanza nikutoe wasiwasi kuhusu huyo daktari: hakubahatisha. Nina miaka 22 kliniki ya macho. Kazi yangu ya kila asubuhi ni kutia matone ya kupanua mboni na kuwapanga wazee kwenye benchi kama hilo mlilokalia, na maswali hayo mawili, la presha na la kusahau, nimeyasikia yakiulizwa kwa pamoja mara nyingi sana. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, unaitwa retina. Hapo ni mahali pa nadra mwilini ambapo mtu anaweza kuiona mishipa midogo ya damu ikiwa hai, inafanya kazi yake, bila kupasua kitu. Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alitangaza kifaa cha kuchungulia humo mwaka 1851. Kabla ya hapo mboni ilikuwa shimo jeusi tu kwa karibu kila daktari duniani.

Natamani ungeona alichokiona. Jicho zima linakuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Upande wa puani kuna duara la manjano hafifu, upana wake milimita moja na nusu hivi. Hapo ndipo neva ya jicho inapotoka kwenda kwenye ubongo. Kutoka kwenye duara hilo mishipa ya damu inatawanyika juu na chini kama matawi ya mkwaju. Ateri, inayoleta damu, ni nyembamba na nyekundu ya kung'aa; vena, inayoirudisha, ni pana kidogo na nyekundu ya kukolea, na hata ule ulio mnene kuliko yote haufiki milimita 0.2. Kwa mtu mwenye afya inapishana bila kugombana.

Presha inapoipiga mishipa hiyo usiku na mchana kwa miaka, ukuta wa ateri unakuwa mgumu na mnene, na njia ya damu ndani yake inabanwa. Pale ateri inapopita juu ya vena, mishipa hiyo miwili imevaa ganda moja, haina pa kukimbiliana. Ateri iliyokakamaa inaikandamiza vena mpaka ukitazama unaona vena kama imekatwa, inapotea upande huu na kuibuka upande wa pili. Daktari mmoja wa London, Marcus Gunn, aliiandika alama hiyo katika miaka ya 1890, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Hali ikizidi, damu inavuja na kuacha mchirizi wenye umbo la ulimi wa moto. Ikizidi zaidi vinatokea vibaka vyeupe kama pamba iliyodondoka, na kila kibaka ni sehemu ya nyuzi za neva iliyokosa damu. Mwaka 1939, kabla dunia haijawa na dawa za maana za presha, madaktari watatu wa Mayo Clinic kule Marekani walipanga wagonjwa wa presha katika makundi manne kwa kutazama macho yao. Katika kundi lenye alama hafifu, 70 kati ya kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu. Katika kundi lenye alama mbaya kabisa walibaki 6.

Sasa, kwa nini aulize kusahau? Kwa sababu retina ni kipande cha ubongo, na hapa sitoi mfano, ndivyo ilivyo. Mimba ikiwa katika wiki ya nne, ubongo unaoanza kuumbika unachipua vifuko viwili, kimoja kila upande, na vifuko hivyo ndivyo vinavyokuja kuwa retina. Mishipa midogo ya pande zote mbili ni ya aina moja. Unene wake unakaribiana, na kuta zake zimeshonwa kwa kubana ili si kila kilichomo kwenye damu kipenye. Kinachoiumiza ya jicho kinaiumiza ya ubongo, na aliyeiona ya jicho ana haki ya kuulizia ndugu zake walioko ndani ya fuvu.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Sehemu zake za ndani kabisa zinalishwa na mishipa myembamba iliyokwenda mbali peke yake, bila jirani wa kuisaidia ikiziba. Mmoja ukiziba, kinakufa kipande kidogo pengine cha ukubwa wa punje ya mchele. Hakuna mdomo unaopinda, hakuna mkono unaolegea, na hakuna anayekimbizwa hospitali. Mzee anaamka, anakunywa chai, anakwenda barazani. Halafu kinakufa kingine.

Vipande hivyo mara nyingi viko kwenye nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Ndiyo maana kinachotangulia kuondoka mara nyingi siyo majina. Ni wepesi wa kufikiri, ni kupanga, ni kushika mambo mawili matatu kichwani kwa wakati mmoja. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anatakiwa azitembeze zote kichwani kabla mkono haujagusa ubao, aone atakula wapi na atalala wapi. Baba yako anakumbuka wajukuu kumi na mmoja ila anahitaji kidole kuhesabu mashimo. Mimi si daktari wa ubongo na sitampa ugonjwa kwa barua, lakini mwanangu, hicho ulichokiona ni cha kweli, usikubali mtu akuambie ni uzee tu.

Mambo haya yamefuatiliwa kwa miaka mingi. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa ARIC, ulioanza mwaka 1987 kwa watu 15,792 wa umri wa miaka 45 hadi 64, kutoka sehemu nne za nchi hiyo. Kati ya 1993 na 1995 walipigwa picha za retina. Haikuwa kazi ya kutisha: mtu aliketi gizani dakika tano mboni ipanuke yenyewe, jicho moja likapigwa picha. Wakapimwa pia kumbukumbu na wepesi wa akili, wakapimwa tena miaka ilipopita. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya miaka 20, ya watu zaidi ya 12,000. Wengi mno, zaidi ya 9 kati ya 10, hawakuwa na alama za kuvuja kwenye retina. Wale wachache waliokuwa na alama za wastani hadi kali walishuka akili zaidi ya wenzao katika miaka hiyo. Picha ilipigwa wakiwa na umri wa miaka sitini hivi, wengi wao wakiendelea na shughuli zao.

Swali lako la pili ndilo gumu, nami nalijibu hivi: jicho halijamwambia daktari kwamba baba ana dimensia, huo ugonjwa wa kusahau. Limemwambia kwamba mishipa midogo imepigwa. Wapo watu wenye retina mbaya na akili kali, na wapo wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina moja ya dimensia, ambao mishipa ya macho yao ukiichungulia hivyo huoni kasoro. Hao watafiti wamezungumza juu ya maelfu ya watu kwa pamoja. Baba yako ni mmoja, na kwake lazima kipimo kifanyike chenyewe.

Kipimo hicho kipo na ni cha kwetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta asilimia 6.4 wana dimensia. Waliona kwamba vipimo vya Ulaya vinamwonea mzee asiyeenda shule, kwa kuwa vinataka achore na aandike. Wakatunga kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, mwenyekiti wa kijiji ni nani, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke orodha ya maneno aliyosomewa. Anawekewa njiti nne za kiberiti zilizopangwa kwa namna fulani, naye apange za kwake zifanane. Hizo njiti ndizo ninazozipenda. Nimewaona watu waliozungumza vizuri kabisa mwanzo hadi mwisho, wakifika kwenye njiti mikono inasimama hewani. Mwombe daktari wa kawaida ampime kwa hicho au kingine anachokitumia. Aangalie pia sukari, figo, tezi ya shingo na damu, na dawa zote anazomeza, maana nyingine humzubaisha mzee mpaka ukadhani ni dimensia. Amuulize kama ana huzuni. Mstaafu anaweza kuwa na huzuni nzito asiitaje.

Hayo yote yaende pamoja na presha, siyo kabla yake. "Haimsumbui," amesema baba. Neno hili linaniumiza, kwa sababu ndilo neno la marehemu mama yangu. Mwaka 2009 nilikwenda nyumbani na kifaa cha kuchungulia macho kwenye mkoba, nikamkalisha sebuleni, nikafunga mapazia, nikamtazama kwa kumfurahisha tu. Jicho la kulia, chini kidogo ya lile duara, niliona ulimi wa moto. Nikamuuliza dawa za presha unameza? Akasema nameza, siku kichwa kikinigonga. Pakiti ya vidonge thelathini alikuwa nayo tangu sikukuu ya Idi, na ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Mimi ni muuguzi, mtoto wake wa kuzaa, na kila nilipopiga simu nilimuuliza "dawa unazo?" Sikuwahi kumuuliza "unameza kila siku?"

Tulianza upya. Baada ya miezi mitatu ule ulimi wa moto ulikuwa umefutika, maana damu iliyovuja hunyonywa presha ikishuka. Vena iliyokandamizwa haikurudi, na kwa kawaida hairudi. Ndivyo na ubongo: kilichokufa kimekufa, kinachopiganiwa ni kilichobaki. Na kupigania kunafaa. Mwaka 2019 utafiti wa Marekani wa watu 9,361 wenye miaka 50 na kuendelea ulionyesha kwamba walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata ule udhaifu wa awali wa kumbukumbu na kufikiri kwa asilimia 19 pungufu kuliko walioachwa chini ya 140. Picha za ubongo za MRI nazo zilionyesha madoa meupe, alama za mishipa midogo iliyoumia, yakiongezeka polepole zaidi kwao. Watu wenye kisukari au waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa humo, kwa hiyo kama baba ana sukari, kiwango chake akipange daktari wake.

Lakini usimshushe baba kwa pupa. Mishipa iliyozoea 178 ikiangushwa ghafla, ubongo unaweza kukosa damu na mzee akaanguka chooni. Usimwongezee kidonge kwa kusoma gazeti, hata gazeti hili. Mfanyie hivi: tafuteni mashine ya kupima mkononi, aketi dakika tano miguu ikiwa sakafuni, mkono umeegemea meza, asizungumze. Pimeni asubuhi na jioni kwa wiki moja, andika kwenye daftari, mpelekee daktari daftari lenyewe. Vidonge viwekwe panapowekwa kitu anachokigusa kila siku bila kukumbushwa. Mama yangu tulimwekea ndani ya kopo la majani ya chai.

Na barazani aendelee kwenda. Wenzake waambie kwa faragha wampe muda.

SWALI

Dada, nakusalimu. Mama yangu ana miaka 74 na mtoto wa jicho macho yote mawili. Sasa ameanza pia kuchanganya siku na watu. Kaka zangu wanasema kumfanyia upasuaji ni kupoteza pesa kwa mtu ambaye akili inaondoka. Je, ni kweli?

Mama wa Wanne, Morogoro

JIBU

Si kweli, mdogo wangu, na waambie kaka zako nimesema kwa upendo. Mtu asiyeona sura ya anayeingia mlangoni atachanganya watu, hiyo siyo akili, hayo ni macho. Jua likizama wote wanakuwa vivuli. Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la Lancet ilihesabu mambo 14 yanayochangia dimensia ambayo yanaweza kuzuiwa au kutibiwa, na mwaka huo kutoona vizuri bila kutibiwa kuliongezwa kwenye orodha kwa mara ya kwanza. Kule Seattle waliwafuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye mtoto wa jicho au glakoma (ugonjwa unaoharibu neva ya jicho), wakakuta waliotolewa mtoto wa jicho walipata dimensia kwa karibu asilimia 30 pungufu kuliko wasiotolewa. Waliofanyiwa upasuaji wa glakoma, ambao haumrudishii mtu uoni, hawakuonyesha tofauti hiyo. Huwezi kusema kisu ndicho kilichowakinga, kwa sababu wanaofika kwenye upasuaji huenda wana nguvu zaidi tangu mwanzo. Ila hata tukiliweka hilo pembeni, mama yako ana haki ya kuona chakula chake.

Kuna faida nyingine. Mtoto wa jicho akikomaa anaziba njia kote kuwili: mama haoni nje, na sisi hatuoni ndani. Akishatolewa, daktari ataichungulia retina na kujua kama presha au kisukari vimekwisha kupita humo. Chukueni jicho moja kwanza, lile baya zaidi. Siku ya upasuaji na usiku wake awe na mtu anayemjua sauti, maana mzee mwenye kusahau akiamka na bandeji machoni hutaharuki. Mwanamke wa ukoo mmoja, ambaye sauti yake ameizoea, anafaa kuliko kijana anayelipwa.

SWALI

Shikamoo. Nina miaka 41, nafanya kazi Dar es Salaam. Mahali fulani wanapiga picha ya jicho, kompyuta inasoma, wanakupa karatasi ya "hatari ya kupoteza kumbukumbu" kwa shilingi 60,000. Bibi yangu alikufa na ugonjwa huo na ninaogopa sana. Nipige?

Mwenye Hofu, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa bibi, na pole kwa hofu, ninaijua.

Kompyuta kusoma retina siyo uongo. Mwaka 2018 watafiti wa Google walichapisha kazi ambayo mashine, baada ya kufundishwa kwa picha za watu zaidi ya 280,000, ilikadiria umri wa mtu, presha yake na kama anavuta sigara, kwa kutazama nyuma ya jicho tu. Iliweza hata kusema ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo mimi na madaktari wangu wote hatuwezi. Na kamera za kazi hiyo zinazidi kuwa nyepesi. Huko Nakuru, Kenya, walishajaribu kuchungulia macho kwa kutumia simu ya mkononi. Kwa kisukari kinachoharibu macho, kusoma picha kwa kompyuta kunasaidia kweli.

Ila kumwambia mtu mmoja mwenye miaka 41 kwamba wewe utapoteza kumbukumbu au hutapoteza, picha ya jicho haijafika hapo. Ikija na alama nzuri utalala usingizi ambao haina haki ya kukupa. Ikija mbaya utakaa na karatasi hiyo miaka thelathini. Waulize waliokuandikia tangazo: mkinikuta na hatari mtanifanyia nini? Jibu la kweli watakalokupa litakuwa pima presha, pima sukari, acha sigara, tembea. Presha unaweza kupimwa kesho zahanati iliyo karibu nawe, na hiyo 60,000 inakaribia bei ya mashine ya kujipimia nyumbani.

Ukipima, niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini, na uniambie bibi alikuwa na presha au hakuwa nayo. Muulize mama yako, au yeyote aliyemuuguza, anajua.